Kutoka Goti Hadi Kifundo: Majina ya Mguu Katika Kiswahili cha Eastlands

Utangulizi

Majina ya sehemu za mwili ni miongoni mwa maneno ya awali ambayo mtoto hufunzwa katika lugha yoyote. Kabla hajajua kuhesabu, mtoto huulizwa jicho liko wapi, naye hulionyesha kwa kidole. Kwa sababu hii, watu wengi hudhani kwamba majina haya ni mepesi na kwamba kila lugha huyagawa kwa namna ile ile. Ukweli ni kinyume. Mwili wa binadamu ni mmoja duniani kote, lakini lugha hazikubaliani kuhusu mahali ambapo kiungo kimoja huishia na kingine huanzia. Neno mguu ni mfano mwafaka. Katika Kiswahili, mtu aliyevunjika paja ameumia mguu, aliyechomwa na mwiba wayoni ameumia mguu, na aliyegongwa ugokoni pia ameumia mguu.

Makala haya yananuia kuchunguza majina ya mguu, hususan sehemu iliyo baina ya goti na kifundo, jinsi yalivyo katika Kiswahili sanifu na jinsi yanavyotumika katika mitaa ya Eastlands jijini Nairobi. Lugha za Kichina na Kijapani zitatumiwa kama kioo cha kulinganishia. Hoja kuu ni kwamba upana wa neno mguu si dalili ya umaskini wa Kiswahili. Hata hivyo, kuyaacha majina madogo yaliyo chini yake yafifie ni hasara, na hasara hiyo humfikia kwanza mtu anayeishi kwa nguvu za miguu yake.

Hazina Iliyomo Katika Kamusi

Atakayeifungua Kamusi ya Kiswahili Sanifu, iliyotolewa mara ya kwanza na TUKI mwaka wa 1981, atakuta kwamba mguu umegawanywa kwa makini. Juu kuna nyonga na paja. Katikati kuna goti na mfupa wake wa mviringo uitwao pia ya goti. Chini ya goti, upande wa mbele, kuna mfupa mrefu unaoguswa kwa urahisi chini ya ngozi. Mfupa huu una majina mawili, muundi na ugoko. Upande wa nyuma kuna mnofu unaojaa mtu anapopanda mlima. Huu huitwa kigimbi au shavu la mguu. Kisha hufuata kifundo cha mguu, kisigino na wayo.

Majina haya hayakubuniwa ovyo. Shavu la mguu limeazimwa kutoka usoni, kwa sababu mnofu huo umefura kama shavu la mtu aliyeshiba. Kifundo kinatokana na fundo, kwa kuwa pale mifupa imekutana kama kamba iliyofungwa, na mkono nao una kifundo chake. Kwa hivyo Kiswahili huutazama mguu na mkono kama ndugu wawili wenye umbo la kufanana. Mkono huanzia begani hadi vidoleni bila kukatizwa, na mguu vivyo hivyo huanzia nyongani hadi vidoleni.

Lugha pia huyatenga majina ya miguu isiyo ya binadamu. Kitanda husimama juu ya matendegu, ng'ombe hukanyaga kwa kwato, na katika maduka ya nyama na vibanda vya supu nchini Tanzania, miguu ya ng'ombe ya chini huitwa makongoro. Mpishi wa Dar es Salaam anayeuza supu ya makongoro ana jina mahususi la sehemu ya chini ya mguu wa mnyama, ilhali mteja wake huenda hana jina la sehemu hiyo hiyo katika mwili wake mwenyewe.

Mizizi ya Kibantu

Historia ya maneno haya inaonyesha kwamba si mageni hata kidogo kwa wakaazi wa Eastlands. Mguu una ndugu zake katika lugha nyingi za Kibantu. Wagikuyu husema kũgũrũ na wingi wake ni magũrũ. Waganda husema okugulu, na wingi wake ni amagulu. Anayezilinganisha lugha hizi huona kwamba pale penye sauti r au l katikati ya irabu mbili, Kiswahili aghalabu hakina kitu. Sauti hiyo ilidondoka zamani, na irabu mbili zikabaki zimekaa bega kwa bega. Ndiyo maana Wagikuyu wana njĩra na Waswahili wana njia. Wagikuyu wana mbura na Waswahili wana mvua.

Kanuni hiyo hiyo hufumbua fumbo la neno muundi. Wanafunzi wengi huliona kuwa neno la kitabuni, tena gumu kulitamka kwa sababu ya irabu mbili zinazofuatana. Lakini Kigikuyu kina mũrũndi, jina la sehemu ile ile ya mguu. Ukiidondosha r iliyo katikati, umelifikia neno la Kiswahili. Kwa hivyo mtoto wa Bahati au Dandora ambaye nyanya yake humwambia kwamba amejigonga mũrũndi tayari ameshika nusu ya neno sanifu bila kujua. Mwalimu anayemwonyesha uhusiano huo humpa njia ya kulikumbuka, badala ya kumtaka alikariri kama neno lililoshuka kutoka mbinguni.

Si lugha zote za Eastlands zilizo za Kibantu. Mjaluo husema tielo, neno lisilo na undugu na mguu. Hata hivyo, tielo nalo hutaja mguu na wayo kwa pamoja. Upana wa maana, basi, si jambo la Kibantu peke yake.

Kioo cha Uchina na Ujapani

Kwa nini kulinganisha na mashariki ya mbali? Sababu ya kwanza ni kwamba lugha hizo si ngeni tena katika taaluma ya Kiswahili. Taasisi ya Confucius ilifunguliwa katika Chuo Kikuu cha Nairobi mwaka wa 2005, nayo mjini Osaka, Ujapani, Kiswahili kimefundishwa chuoni kwa miaka mingi. Sababu ya pili ni kwamba lugha hizi mbili zina maandishi ya kale, ambayo humwezesha mtafiti kufuata safari ya maana kwa karne nyingi.

Wajapani hutumia neno moja, ashi, kwa mguu mzima na kwa wayo pia, sawasawa na Waswahili. Tofauti hujitokeza katika maandishi tu. Anayeandika kuhusu wayo huchagua herufi moja, na anayeandika kuhusu mguu mrefu huchagua nyingine, ingawa matamshi hayabadiliki. Hakuna asemaye kwamba Kijapani ni lugha maskini kwa sababu hiyo. Anapohitaji kufafanua, Mjapani ana sune kwa muundi na fukurahagi kwa kigimbi. Jina hili la pili limeundwa kwa wazo la kufura, ambalo ni wazo lile lile lililowafanya Waswahili waseme shavu la mguu. Watu wasiowahi kukutana wameutazama mnofu ule ule na kuona jambo moja.

Kichina kina mgawanyo mwingine. Mguu huitwa tui na wayo huitwa jiao, na haya ni maneno mawili tofauti. Paja ni datui, yaani mguu mkubwa, na sehemu ya chini ya goti ni xiaotui, yaani mguu mdogo. Lakini mgawanyo huu haukuwapo tangu awali. Katika kamusi ya kale iitwayo Shuowen Jiezi, iliyotungwa na Xu Shen karibu na mwaka wa 100 baada ya Kristo, jiao lilielezwa kuwa muundi. Kadiri karne zilivyopita, neno hilo liliteremka mguuni, likavuka kifundo na kutua wayoni. Herufi yake ilipofika Ujapani ilibaki na maana ya mguu mrefu, na hata leo hutumiwa huko katika kuhesabu viti, kwa kuwa kiti nacho husimama kwa miguu.

Funzo ni kwamba majina ya viungo huhama. Yanaweza kupanuka, kuteremka au kupanda, na wasemaji wenyewe wasitambue. Kinachotokea Eastlands leo kina mfano wake Uchina ya kale, na hakistahili kuitwa uharibifu wa lugha kabla hakijachunguzwa.

Hali Ilivyo Eastlands

Eastlands ni jina la jumla la mitaa iliyo mashariki ya kitovu cha jiji: Pumwani, Shauri Moyo, Kaloleni, Makadara, Jericho, Buruburu, Umoja, Kayole, Dandora na mingineyo. Abdulaziz na Osinde, katika makala yao ya mwaka wa 1997, wanaihusisha asili ya Sheng na mitaa hii, ambako watoto wa makabila mengi walilelewa katika ua mmoja na kuhitaji lugha ya pamoja. Katika mazungumzo ya mitaa hii, mambo matatu hujitokeza kuhusu mguu.

Kwanza ni upatanisho wa kisarufi. Kiswahili sanifu husema "mguu wangu unauma," ilhali mitaani husikika "mguu yangu inauma." Nomino nyingi zisizotaja watu huingizwa katika ngeli moja, na umbo la neno halizingatiwi tena. Hili si kosa la kubahatisha. Ni utaratibu unaofuatwa na wasemaji wengi, na Githiora (2002) ameonyesha kwamba Sheng ina mpangilio wake, wala si vurugu.

Pili, msamiati wa mavazi ya mguu umestawi kuliko ule wa mguu wenyewe. Viatu vina majina tele, yakiwemo ndula na njumu, na majina hayo hubadilika haraka kwa kuwa kiatu ni alama ya hadhi. Muundi na kigimbi, kwa upande mwingine, hutajwa kwa nadra. Hata uwanjani, mchezaji huvaa shingadi ili kuukinga ugoko, lakini jina la kinga hiyo limetoka Kiingereza na kiungo kinachokingwa kimekosa kutajwa.

Tatu, shule ilijaribu kuziba pengo hili. Tangu mfumo wa 8-4-4 ulipoanza mwaka wa 1985, Kiswahili kilikuwa somo la lazima katika mtihani wa KCPE, ambao ulifanywa kwa mara ya mwisho mwaka wa 2023. Wanafunzi walikariri sehemu za mwili pamoja na majina ya vikembe na ya makundi. Waliyajua maneno, wakayajibu, kisha wakayaacha mlangoni mwa darasa. Neno lisilopata kazi nyumbani wala sokoni halina budi kusahaulika.

Maana za Ziada

Mguu haukubaki katika mwili tu. Kiswahili kimeutumia kuelezea safari, hofu, nidhamu na mamlaka. Aliyeona hatari husema "mguu niponye" na kutimua mbio. Asiyetulia nyumbani huitwa kiguu na njia. Katika gwaride, amri za "mguu sawa" na "mguu pande" hutawala mwili mzima kwa kutaja kiungo kimoja. Wahenga nao walisema kwamba mtembezi hula miguu yake, na kwamba heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi.

Neno lililopanda cheo kuliko yote ni nyayo. Wayo na unyayo huwa na wingi mmoja, nao hutaja sehemu ya chini ya mguu pamoja na alama inayoachwa ardhini. Daniel arap Moi aliposhika urais mwaka wa 1978, alitangaza kwamba angefuata nyayo za Jomo Kenyatta. Baada ya hapo neno likawa jina la falsafa, la maziwa yaliyogawiwa wanafunzi wa shule za msingi, la jumba la serikali na la uwanja wa michezo uliofunguliwa mwaka wa 1983. Hata Embakasi kuna mtaa wa Nyayo. Kijana anaweza kuteremka kwenye kituo chenye jina hilo kila jioni bila kuwaza kwamba anatajiwa chini ya miguu yake mwenyewe.

Mashariki ya mbali kuna mifano inayokaribiana na hii. Wachina wana gu, neno ambalo hapo kale lilitaja paja na leo hutaja hisa katika soko la mitaji. Mtu anayejipendekeza kwa mwenye nguvu husemwa kwamba amelikumbatia paja lake. Wajapani humwita muundi "mahali anapolilia Benkei," kwa maana kwamba hata shujaa huyo wa karne ya 12 angetoa machozi akigongwa hapo. Na mtoto aliyekomaa lakini bado anawategemea wazazi, husemwa kwamba anaiguguna miundi yao. Mzazi wa Kayole anayemlisha kijana wa miaka thelathini asiye na kazi angeielewa nahau hiyo bila mkalimani. Vilevile, Mchina anayetembea kwa miguu husema kwa mzaha kwamba amepanda basi namba 11, kwa sababu miguu miwili iliyosimama hufanana na tarakimu hizo. Mzaha wa ruti ya 11 hujulikana Nairobi pia.

Kwa Nini Majina Madogo Yahifadhiwe

Msomaji anaweza kuuliza: ikiwa Wajapani wanatosheka na ashi, na ikiwa maana huhama bila kuiua lugha, kuna haja gani ya kuwasumbua watu wa Eastlands kwa muundi na kigimbi? Jibu limo katika maisha yao. Kila alfajiri, maelfu ya wafanyakazi huifuata Barabara ya Jogoo kwa miguu kuelekea Eneo la Viwanda. Gikomba, hamali hubeba marobota ya mitumba. Wengine huvuta mikokoteni, wengine huchuuza bidhaa kutwa nzima wakiwa wamesimama. Kwa watu hawa, mguu ni mtaji.

Mtu kama huyo anapofika kwenye zahanati na kusema tu kwamba mguu unamuuma, hajamwambia mhudumu mengi. Maumivu ya kigimbi kimoja kilichovimba na kupata joto yanaweza kuwa dalili ya damu iliyoganda ndani ya mshipa, hali ya hatari kwa sababu bonge hilo linaweza kusafiri hadi mapafuni. Maumivu ya muundi baada ya kutembea au kukimbia kwa muda mrefu yanaweza kuashiria ufa mdogo katika mfupa. Maumivu ya kisigino katika hatua ya kwanza ya asubuhi huwa na chanzo kingine, na kifundo kilichoteguka kina matibabu yake. Mgonjwa wa kisukari anayepoteza hisia wayoni anahitaji kuukagua wayo kila siku, kwa kuwa kidonda anachokosa kukihisi kinaweza kumfanya akatwe mguu. Abiria wa bodaboda aliyechomwa na bomba la moshi, aghalabu huungua upande wa ndani wa kigimbi.

Ni kweli kwamba mgonjwa anaweza kuonyesha kwa kidole. Lakini kidole hakionekani katika simu, wala katika barua, wala katika tangazo la redio. Mama anayempigia mhudumu wa afya usiku kwa niaba ya mumewe anahitaji neno. Vivyo hivyo shahidi mahakamani anapoeleza mahali ambapo mtu aligongwa na gari. Mjapani anayesema ashi katika mazungumzo ya kawaida hufika kwa daktari akiwa na sune na fukurahagi tayari. Upana wa ashi haumdhuru kwa sababu majina madogo yapo hai chini yake. Hapo ndipo tofauti kati yake na mkaazi wa Eastlands inapojitokeza.

Hitimisho

Makala haya yameonyesha kwamba neno mguu, kwa upana wake, linafanana na ashi la Kijapani na tielo la Kijaluo, na kwamba safari ya jiao la Kichina kutoka muundini hadi wayoni inathibitisha kuwa majina ya mwili hayatulii mahali pamoja. Kwa hivyo wapenzi wa Kiswahili hawana sababu ya kuikemea mitaa ya Eastlands kwa kusema mguu pale ambapo kamusi ingesema ugoko.

Kinachohitajika ni kuyapa majina madogo kazi ya kufanya. Walimu wanaweza kuyafunza kupitia lugha za mama za wanafunzi, wakianza na mũrũndi ili kufika kwenye muundi. Watangazaji wa kandanda wana nafasi kila wiki ya kusema kwamba mchezaji amegongwa ugokoni au amebanwa na misuli ya kigimbi. Wahudumu wa afya wanaweza kumuuliza mgonjwa, "Ni kigimbi au ni muundi?" huku wakipagusa mahali penyewe, ili aondoke na dawa pamoja na neno. Vyama vya Kiswahili vyuoni navyo vinaweza kuandaa mabango ya mwili wa binadamu yenye majina sanifu na kuyabandika katika zahanati za mitaani, ambako yatasomwa na watu waliokaa kwenye foleni wakiwa na sababu nzuri ya kuyasoma.